Ngozi mpya kwa renjifainda ya zamani: mbuzi, reksini, seti ya kuagiza au lubugo?

Kato_Ntinda
Salaam wakubwa. Nina kamera mbili za renjifainda, zile za kulenga kwa kukutanisha picha mbili kwenye kioo, zinazonitia aibu nikizitoa kwenye mkoba. Ya kwanza Yashica Electro 35: ngozi yake bandia imekakamaa na kujikunja pembeni. Ya pili Leica M3, ambayo kila nikiishika inaniachia vipande vyeusi mkononi. Siuzi, nazitumia. Mmoja ananiambia niagize seti iliyokatwa tayari, mwingine ananituma kwa fundi viatu. Nyie mmetumia nini, na kimedumu?

Fundi_Wandegeya
Kaka Kato, zitenganishe kwanza. M3 haina ngozi hata kidogo. Leica waliivika valkanaiti, yaani mpira mgumu, na mpira huo ukizeeka hukauka ukameguka. Kamera yenyewe ilitoka 1954, usiilaumu. Kama imemeguka sehemu mbili tatu tu, usiibandue yote: jaza pengo kwa epoksi nyeusi, na kabla haijakauka kabisa ichomechome kwa ncha ya sindano ipate chembechembe. Wapenzi wa Leica huthamini valkanaiti ya kiwandani hata ikiwa na makovu.

Yashica ni kazi nyepesi. Ipashe kwa drayer ya saluni gundi ilegee, kisha anza pembeni kwa kisu chembamba. Ila kabla ya kuinua chochote, funika ngozi nzima kwa selotepu pana. Ikikatika, vipande vinabaki vilivyokuwa, na hiyo ndiyo pateni yako. Ipeleke fotokopi, asilimia 100, ukate kwa karatasi hiyo. Mimi hiyo fotokopi naitunza kuliko ngozi yenyewe.

Nakato_Jinja
Mimi ni mtu wa mbuzi. Nyuzi za ngozi ya mbuzi zimeshikana, ukiikwangua nyuma hadi karibu nusu milimita bado haichaniki. Ya kondoo ukiifanya hivyo inaachana tabaka tabaka. Lakini usimwambie fundi viatu "nipe ngozi" halafu ukaondoka, maana atakukatia ya viatu, na hiyo ni nene mno. Kwenye M3 leva ya kuchagua fremu na ile ya kujipiga picha zinapita karibu sana na mwili wa kamera, ngozi nene inazizuia. Mlango wa nyuma nao hautafunga vizuri. Nenda na kamera yenyewe, akwangue mbele yako, mjaribishe hapohapo.

Epuka pia ngozi iliyoshiba mafuta. Mafuta yakikutana na shaba huzaa kutu ya kijani. Wenye kamera za Contax za Zeiss Ikon wanavijua vile vivimbe chini ya ngozi: ni vichwa vya riveti za shaba vilivyoota kutu na kuisukuma juu. Hiyo kutu ikwanguliwe, pakae rangi ya kucha isiyo na rangi, ndipo ubandike.

Mzee_Bombo
Binti yangu Nakato, unajisumbua bure. Reksini, yaani ngozi bandia! Wembe mmoja, mkato mmoja, hainyonyi jasho, haifanyi ukungu msimu wa mvua. Asichukue tu ile ya makochi, ina kitambaa kinene nyuma. Achukue nyembamba ya kujalidi vitabu. Na Yashica ilitoka kiwandani na ngozi bandia, kwa hiyo hatakuwa amemdanganya mtu.

Nakato_Jinja
Shikamoo mzee. Haifanyi ukungu, nakubali. Lakini ngozi bandia za plastiki husinyaa miaka ikienda, pembe zinarudi ndani na gundi inabaki nje. Si ndicho kilichoikuta hiyo ya Kato?

Mzee_Bombo
Marahaba mwanangu. Ilichukua miaka hamsini kusinyaa. Mimi hamsini nyingine sizihitaji.

Ssali_F2
Nimewahi kuagiza kutoka Aki-Asahi ya Japani. Wanakata kwa leza kufuata modeli, gamu iko nyuma tayari. Ila hesabu posta na ushuru kabla ya kushangilia bei. Kwa Yashica singeagiza: ni vipande bapa kushoto na kulia kwa lenzi, mtu mwenye mkono mtulivu anavikata mwenyewe. Kwa M3, kama valkanaiti imekwisha kweli, ningeagiza. Vazi lake linazunguka mwili na kulikumbatia tundu la lenzi, na ule mduara ukikosea kidogo tu, jicho halioni kitu kingine.

Mutuba_Mmoja
Jamani tuko Uganda na hakuna aliyetaja lubugo, kitambaa chetu cha gome la mti wa mutuba? UNESCO waliitangaza urithi mwaka 2005, sisi tunabishana reksini. Nimeivisha Fed 2, kamera ya Kisovieti, na sijutii. Ukiitazama karibu unaona mistari myembamba iliyoachwa na nyundo ya mbao yenye mifereji, kila kipande na yake, na ile rangi ya udongo inapendeza sana karibu na chuma.

Kazi yake lakini si ya haraka. Bandika kwanza karatasi nyembamba nyeusi nyuma, kwa sababu lubugo ina vitundu na kuna kamera ambazo ngozi ndiyo inayoziba matundu ya mwili mwanga usiingie. Paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji juu yote, iache ikauke, ndipo ukate. Ukikata ikiwa kavu bila gundi, kingo zinatoa nyuzi. Mahali pa vidole patakuwa peusi baada ya muda. Mimi napenda, mke wangu hapendi.

Kato_Ntinda
Asanteni sana. Na gundi ya kubandikia? Supagluu nyumbani ninayo.

Fundi_Wandegeya
Iache hukohuko. Mvuke wake huweka utando mweupe kwenye lenzi na vioo. Gundi ya fundi viatu inashika vizuri: paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, kisha bandika, na ukishabandika huna nafasi ya kusogeza. Mimi naipenda shelaki, ndiyo iliyotumika kwenye kamera nyingi za kale, na spiriti inaitoa siku ukitaka kufungua.

Na utataka. Kamera nyingi za aina hii zimeficha skrubu chini ya ngozi. Shata nzito? Picha mbili kwenye kioo hazikutani? Tengeneza kwanza, ngozi iwe ya mwisho.

Kato_Ntinda
Kwenye Yashica picha mbili hazikutani, tena kwa mbali. Basi naibandua wikendi hii, natoa fotokopi, nakuletea Wandegeya ikiwa uchi. M3 naijaza epoksi. Dada Nakato, nielekeze huyo fundi wako wa mbuzi.

Nakato_Jinja
Nakutumia inboksi. Nenda asubuhi, mchana anashona viatu vya shule na hakusikilizi.