Folda ya NFS inaunganika lakini haikubali kuandikwa

Swali
Ndugu wataalamu, nawasalimu. Seva yetu ya Debian hapa ofisini inagawa folda ya /srv/hesabu kwa NFS (njia ya kutumia faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao), na inayoitumia ni kompyuta moja ya Linux yenye anwani 192.168.10.5. Amri ya mount, inayounganisha folda hiyo, inapita bila kulalamika na faili zote zinasomeka, lakini kila ninapojaribu kuhifadhi kitu naambiwa kwamba mfumo huo wa faili ni wa kusoma tu, ingawa rw, yaani ruhusa ya kusoma na kuandika, nimeiandika kwa mkono wangu. Mstari ulio ndani ya /etc/exports, faili ya seva inayoorodhesha folda zinazogawiwa na wanaoruhusiwa, ni huu:

/srv/hesabu 192.168.10.5 (rw,sync)

Seva nimekwisha kuizima na kuiwasha mara mbili.

Jibu la kwanza
Tatizo ni nafasi uliyoiacha kabla ya mabano. Nafasi hiyo husomwa kama mwisho wa jina la mteja, yaani kompyuta inayoitumia folda. Kwa hiyo 192.168.10.5 imebaki bila masharti, ikapewa yale ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, na mabano yaliyosimama peke yake yamehesabiwa kuwa ya kompyuta nyingine yoyote itakayoifikia seva. Uliyemkusudia amenyimwa, na asiyehusika amepewa ruhusa ya kuandika, jambo ambalo kwa folda ya hesabu linatisha kuliko hitilafu uliyokuja kuiuliza. Ondoa nafasi hiyo, kisha endesha exportfs -ra ili seva isome upya faili hiyo. Hakuna haja ya kuzima seva. Amri ya exportfs -v itakuonyesha masharti ambayo kila mteja amepewa.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Kumbe exportfs ilikuwa ikitoa onyo kuhusu mstari huohuo, nami nikalipuuza. Sasa rw inaonekana, ila mtumiaji mwenye folda ananyimwa ruhusa, ilhali jina lake ni lilelile pande zote mbili.

Jibu la pili
Endesha id, amri inayoonyesha namba ya mtumiaji, pande zote mbili, ulinganishe namba badala ya majina. Katika uthibitishaji wa kawaida, yaani sec=sys, kinachosafiri na ombi ni namba ya mtumiaji, na seva hupima ruhusa kwa namba hiyo. Tafadhali usikimbilie sharti la no_root_squash ili uandike kama root (msimamizi mkuu wa kompyuta), kwa kuwa utakuwa umempa root wa kompyuta ile mamlaka kamili juu ya folda.

Mwuliza swali
Ni kweli, ilikuwa 1000 kwenye seva na 1001 kwa mteja. Nimeisawazisha kwa usermod -u, amri ya kubadili namba ya mtumiaji, upande wa mteja, na faili sasa zinahifadhika.

Jibu la pili
Vizuri. Faili za mtumiaji huyo zilizo nje ya folda yake ya nyumbani kwenye kompyuta hiyo bado zina 1001, hivyo zitafute kwa find / -xdev -uid 1001 uzirekebishe kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili.