Wakuu, hesabu za dukani zinaniumbua, nifanyeje?

Kaunta Boy: Habari zenu wakuu. Nauza duka la vifaa vya ujenzi. Wateja nawamudu, shida ni hesabu. Mtu akisema ana chumba cha mita nne kwa tano anataka marumaru, jasho linanitoka. Kalkuleta ninayo, ila sijui nianzie wapi. Kuna kozi ya jioni?

Fundi Sakafu: Chumba hicho ni mita za mraba 20. Marumaru za 60 kwa 60 zikija nne kwa boksi, boksi linafunika 1.44. Gawanya, unapata 13.9. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, mpe boksi 16. Kuna mteja wangu aligoma kununua za ziada, zikamwishia mlangoni. Kurudi dukani, mzigo mpya rangi haifanani. Mpaka leo ananilaumu mimi!

Mama Wawili: Shuleni mlikuwa mnatoroka kipindi cha hesabu, haya sasa.

Mjumbe wa Mtaa: Mkuu, kozi ya jioni kwa ajili ya marumaru tu? Funguka.

Kaunta Boy: Sawa. Bosi anaweka faida asilimia 20 juu ya bei ya kununulia. Akasema wateja wakubwa niwashushie hadi bei ya kununulia, nami nikawa natoa punguzo la asilimia 20. Nimepata shoti ya laki nne.

Dada Stoo: Hapo ndipo ulipopigwa. Kitu cha 100,000 kinauzwa 120,000. Asilimia 20 ya 120,000 ni 24,000, kwa hiyo umekitoa kwa 96,000. Ukipandisha kwa moja ya tano, ili urudi bei ya kununulia unashusha kwa moja ya sita. Mwambie bosi leo leo.

Kaunta Boy: Haina haja, nimeshaongea na jamaa wa mikopo ya kausha damu anizibie. Riba yake ndogo, asilimia 20 tu.

Dada Stoo: Kwa mwezi?

Kaunta Boy: Kwa wiki. Lakini nitamlipa haraka, mshahara unakaribia.

Dada Stoo: 80,000 kila wiki! Wiki tano tu riba imefika laki nne na deni liko palepale. Kama hujachukua hiyo hela, usichukue.

Mama Wawili: Shemeji yangu kausha damu walimbebea friji na nyama ikiwa ndani.

Mzee wa Chai: Faida 20, punguzo 20, riba 20. Hii stori ni chai, ya kutunga, kaipika mwalimu wa hesabu. Halafu saruji gani inaacha faida ya asilimia 20?

Kaunta Boy: Nani kataja saruji? Ni rangi na vitasa. Na hela nachukua kesho, msinitishe.

Fundi Sakafu: Rangi inaacha vizuri, hapo hajadanganya.

Mzee wa Chai: Inaacha wapi? Mimi nimeuza rangi Buguruni, usafiri unaila yote.

Mjumbe wa Mtaa: Chai au si chai, duka liko wapi? Ninapaka nyumba mwezi huu na mimi ni mteja mkubwa.