Mashine ya kuosha magari inakataa kuwaka ikiwa moto: ni tapeti?

DadaWaZimma:
Habari zenu wadau. Naosha magari hapa Zimmerman, Nairobi, mashine yangu ina injini ya Honda GX160. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapiga kazi hadi mchana nikaizima kidogo, hairudi tena mpaka ipoe. Navuta kamba hadi mkono unauma, na kamba yenyewe inakuwa nyepesi isivyo kawaida. Plagi ni mpya na cheche ipo. Fundi anataka ninunue kabureta, mwingine ametaja tapeti. Pesa ya kubahatisha sina na wateja wanaondoka. Nianzie wapi?

FundiWaGrogan:
Dada, kabureta iache kwanza. Kamba ikiwa nyepesi injini ikiwa moto, shuku kompresheni inavuja, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nafasi ya tapeti ni ule upenyo mdogo kati ya vali (mlango wa hewa au moshi wa injini) na roka, mkono unaoisukuma. Ikiisha, chuma kikitanuka kwa joto vali haifungi hadi mwisho. Vali ya ekzosi, ya kutoa moshi, ndiyo huanza kusumbua, maana joto lote linapitia hapo. Kwa GX160, ya kuingiza ni milimita 0.15, ya ekzosi 0.20, isipungue wala kuzidi kwa zaidi ya 0.02. Pima injini ikiwa baridi kabisa, kabla ya gari la kwanza.

DadaWaZimma:
Asante sana kaka. Na nitajuaje pistoni iko pahali pake?

FundiWaGrogan:
Toa plagi, ziba tundu kwa kidole, vuta kamba polepole. Hewa ikikusukuma kidole, pistoni inapanda kwenye kompresheni. Iende taratibu mpaka ifike juu kabisa, na hapa usiharakishe: injini hii ina kidude kinachoinua vali ya ekzosi kidogo ili kamba ivutike, kwa hiyo ukisimama kabla ya juu utapima uongo.

Fila geji, yaani visu vyembamba vya kupimia nafasi, utapata Kirinyaga Road. Kisu kipite kati ya roka na vali kwa kukwaruza kidogo. Kikipita bure ni kubwa, kikikwama ni ndogo. Ukishaweka nafasi na kukaza nati ya roka, mhimili wa roka huzunguka nayo, basi ushike kwa spana ya pili, halafu upime upya. Wengi hukosea hapo.

PampuNaJenereta:
Fundi amesema kweli. Naongeza tu: usilegeze kupita kipimo ukidhani ndio usalama. Itapiga kelele, vali itafunguka kidogo na nguvu itapungua.

DadaWaZimma:
Nimepima leo alfajiri. Ya ekzosi hata kisu cha 0.05 hakikuingia! Ya kuingiza iko sawa. Nimeweka 0.20 na mchana imewaka ikiwa moto.

FundiWaGrogan:
Vizuri sana dada. Sasa andika tarehe na vipimo, upime tena baada ya wiki chache. Ikiwa imebana tena upesi hivyo, vali inazama kwenye kiti chake. Silinda hedi (kichwa cha injini chenye vali) ifunguliwe, vali isagwe au ibadilishwe. Hapo kurekebisha tapeti hakutasaidia.

DadaWaZimma:
Sawa kaka, nimeandika ukutani kando ya mashine.