Serikali ilishikaje viwanda vya watu wakati wa vita?

Mchomeleaji_Ilala:
Shikamooni wakubwa. Nina karakana ya mageti na madirisha, mafundi wanne. Juzi nimesoma kwamba Februari 1942 Marekani ilisimamisha magari ya raia nchi nzima. Ford, General Motors, vyote vya watu binafsi! Vilitaifishwa? Mimi mtu akija akaniambia kuanzia kesho mageti basi, tengeneza mabomu, atanishika wapi?

Stookipa_Mstaafu:
Atakushika kwenye chuma, mdogo wangu. Nimekaa stoo ya kiwanda miaka 22. Mashine zako, kiwanja chako, lakini plati isipotoka, mafundi wanakaa.

Januari 1942 Roosevelt, rais wa Marekani, aliunda bodi ya uzalishaji wa vita. Mwanzo zilitolewa karatasi za kipaumbele, zikawa nyingi kuliko chuma chenyewe. Hayo nimeyaona dirishani kwangu: saa mbili asubuhi, vocha sita za "haraka", wakubwa sita wamesaini, shafti zimebaki nne. Utampa nani?

Mwishoni mwa 1942 wakatangaza utaratibu mwingine. Wakashika chuma, shaba na aluminiamu. Kila robo mwaka tani zilizopo zinahesabiwa, jeshi la nchi kavu na la wanamaji wanapata fungu lao, wao wanamgawia mkandarasi mkuu, naye anawakatia walio chini yake. Fungu likiisha, limeisha.

Kutaifisha kulikuwa nadra. Kiwanda cha Willow Run kule Michigan kilijengwa kwa fedha za serikali, Ford akakiendesha; 1944 kilifikia kutoa ndege moja ya mabomu aina ya B-24 kila saa. Askari walitumika pia, lakini kwa wachache. Aprili 1944, Chicago, Sewell Avery, bosi wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, alikataa amri kuhusu mkataba wa chama cha wafanyakazi; askari wawili wakambeba mpaka nje.

Mjukuu_wa_Manamba:
Mzee wangu umesema ya chuma, niongeze ya watu. Uingereza ilipopungukiwa wachimbaji wa makaa ya mawe, kuanzia Desemba 1943 ilichezesha kura ya tarakimu. Kijana aliyeitwa jeshini, namba yake ya usajili ikiishia na tarakimu iliyotoka, anapelekwa mgodini.

Na huku kwetu? Japani ilipoteka Ufilipino mwaka 1942, nyuzi za kamba zilizotoka huko zikawa adimu. Uingereza ikawa inanunua mkonge wa Tanganyika kwa bei iliyopangwa, na watu wakapelekwa mashambani kwa amri. Babu yangu alitolewa Kasulu mpaka Korogwe. Alituonyesha kufunga mzigo: majani 30, ncha za miba zimeshakatwa. Viganja vyake vilikuwa na makovu mpaka tunamzika. Naumia watu wakihesabu ndege tu.

Mchomeleaji_Ilala:
Pole sana ndugu yangu, sikuwa nayajua hayo ya Korogwe. Mzee, na fundi mdogo wa chini kabisa kama mimi, chuma kilimfikiaje?

Stookipa_Mstaafu:
Kwa namba ya mgao. Aliyekupa kazi anakupa na namba, unaiandika kwenye oda yako, kiwanda cha chuma kinalazimika kukuhudumia. Ukienda bila namba, hata uwe na hela taslimu, unarudi nazo nyumbani.