Solo yangu ya jazi kwenye piano inasikika kama zoezi la skeli, tatizo liko wapi?

Funguo88

Habari zenu wakuu. Kodi za saba (noti nne zinazopigwa pamoja) nazishika kwenye funguo zote 12, skeli za meja na dorian nazo hazinisumbui. Shida ni solo. Kwenye Dm7 – G7 – Cmaj7 napiga skeli ya C juu ya kodi zote tatu kwa sababu noti ni zilezile. Hakuna noti inayogoma, ila ukizima mkono wa kushoto huwezi kujua kodi imebadilika saa ngapi. Ni skeli tu, inapanda inashuka.

Mkono wa kushoto wenyewe nashika noti 4 kuanzia kwenye mzizi (noti inayoipa kodi jina). Nikishuka chini kidogo sauti inavurugika, nikipanda juu unagongana na wa kulia.

Nianzie wapi kurekebisha? Nawasilisha.

---

NusuToni

Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe: noti ni zilezile, kwa hiyo sikio halina cha kulijulisha kwamba kodi imehama. Skeli inakuambia noti zipi zinaruhusiwa. Haikuambii utue wapi wala lini, na kwenye jazi kutua ndiyo kazi yenyewe.

Angalia noti ya 3 na ya 7 za kila kodi, ukihesabu kutoka mzizi:

Dm7: F na C
G7: B na F
Cmaj7: E na B

Kutoka Dm7 kwenda G7, C inashuka nusu toni (ufunguo wa jirani kabisa) kuwa B, F inabaki palepale. Kutoka G7 kwenda Cmaj7, F inashuka nusu toni kuwa E, B inabaki. Nusu toni hizo mbili ndizo zinazobeba safari nzima. Mtu akizisikia anajua kodi imebadilika hata kama hakuna besi wala mkono wa kushoto.

Zoezi: mkono wa kulia peke yake, metronomu 60, noti moja kwa kila pigo.

D F A C | B A G F | E

Piga polepole usikie C inavyoangukia B kwenye pigo la 1 la kipimo cha pili (kipimo hapa ni mapigo manne), kisha F inavyoangukia E. Sasa tunga njia zako, kwa sharti moja: pigo la 1 la kila kodi mpya liwe noti ya 3 au ya 7, na noti inayotangulia iwe jirani yake, toni moja au nusu toni. Katikati piga unachotaka. Ukikwama, anza kutunga kutoka mwisho: chagua noti ya kutua kwanza, halafu rudi nyuma utafute njia ya kuifikia.

Likikaa vizuri, ongeza kuizunguka noti ya kutua. Unataka E kwenye pigo la 1? Piga F kwenye pigo la 4, D shapu (D♯, nusu toni juu ya D) kwenye nusu ya pigo la 4, halafu E. D shapu haimo kwenye skeli ya C na wala haikwaruzi, kwa sababu inapita tu kwenda mahali panapoeleweka. Ukiisimamisha hapo mapigo mawili ndipo utajuta.

Na kinyume chake: F imo kwenye skeli ya C, lakini ukiishikilia juu ya Cmaj7 inabanana na E iliyo nusu toni chini yake. C juu ya G7 hivyohivyo, inabanana na B. Kwa hiyo kusema "hakuna noti inayogoma" si kweli sana, ni kwamba unazipita haraka.

---

BesiSiYangu

Mimi niongelee kushoto, maana hapo umebeba mzigo usio wako.

Ukipiga peke yako, noti mbili zinatosha. Dm7: D na C. G7: G na B. Cmaj7: C na B. Mzizi na ya 7, mzizi na ya 3, mzizi na ya 7. Mpiga piano wa jazi Bud Powell alijenga kushoto kwake kwa vipande vya namna hii, na ndiyo maana kulia kwake kulikuwa na nafasi. Sauti inayovurugika inatokana na noti zilizokaribiana sana kule chini: nafasi (umbali kati ya noti mbili) ya tatu au ya pili ikipigwa chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati inavuma tu. Nafasi ya saba inavumilia kushuka kuliko hiyo.

Ukiwa na mpiga besi, mzizi muachie yeye. Shika hivi, F ikiwa ile iliyo chini ya C ya kati:

Dm7: F A C E
G7: F A B E
Cmaj7: E G B D

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kidole kimoja tu kinahama, C kwenda B. Kutoka ya pili kwenda ya tatu B inabaki na nyingine tatu zinashuka hatua moja moja. Mkono ukiruka, ujue umekosea mpangilio. Bill Evans, Wynton Kelly na Ahmad Jamal walitumia sana mishiko isiyo na mzizi miaka ya 1950, na leo ni kawaida kwa wapiga piano wengi wa jazi.

Kwenye G meja usihamishe mpangilio huohuo. Ungeanza na C E G B, na hiyo ama inapanda hadi inamzuia wa kulia, ama inashuka kwenye tope. Tumia mpangilio wa pili, unaoanza na noti ya 7:

Am7: G B C E
D7: F♯ B C E
Gmaj7: F♯ A B D

Kanuni yangu ni hii: noti ya chini kabisa isishuke chini ya D iliyo chini ya C ya kati, ya juu kabisa isizidi A iliyo juu yake. Mpangilio ukitoka nje ya hapo, badili uende kwenye ule mwingine.

Halafu usishikilie kodi kipimo kizima kama kinanda cha kanisani. Gonga pigo la 1, gonga tena nusu ya pigo la 2, nyamaza. Pedali ya kulia iache kabisa mpaka upige nyimbo za taratibu.

---

Funguo88

Asanteni sana wakuu. Hilo la D F A C | B A G F | E nimelipiga, kodi zinasikika kweli. Lakini mambo mawili bado. Moja, bado ni kavu, haina ile swingi (mdundo wa kuyumba wa jazi). Pili, kwenye bluzi ya vipimo 12 nikishaanza solo napotea, nikifika katikati sijui niko kipimo cha ngapi.

---

PigoLaPili

Swingi haitoki kwenye noti. Mambo matatu.

Metronomu isigonge kila pigo. Ukitaka kasi ya 120, weka 60 na uihesabu kama pigo la 2 na la 4. Mwanzoni utaigeuza bila kujua iwe 1 na 3. Itibu hivi: sikia mlio, sema "mbili", unaofuata sema "nne", ndipo ujazie 1 na 3 kwa mguu. Usiguse funguo mpaka hesabu itulie.

Nusu za mapigo: kwa kasi ya wastani, gawa pigo vipande vitatu, noti ya kwanza inachukua viwili, ya pili kimoja. Wengi wanakosea hapa, wanazidisha mpaka inakuwa kama farasi anakimbia. Kadiri kasi inavyopanda zinazidi kulingana, na ukivuka 200 kwa dakika ni karibu sawa kabisa. Kinachobaki ni mkazo.

Mkazo nao uweke kwenye noti ya pili ya pigo, ile ya nusu, na uiunganishe na pigo linalofuata bila kukata. Watu wa piano ya klasiki wana tabia ya kukazia pigo lenyewe, na hapo ndipo ukavu unapotokea. Piga skeli moja tu ya F, oktava moja, kila noti ya nusu iwe na nguvu kidogo kuliko ya pigo. Rekodi usikilize. Ukiwa unapiga utadhani umekazia kupita kiasi. Kwenye rekodi utakuta ni kidogo tu.

---

SikioKwanza

Naheshimu yote hapo juu ila hofu yangu ni moja: mnampa mazoezi mapya badala ya muziki. Huwezi kuongea lugha ambayo hujaisikia. Chukua solo ya Wynton Kelly kwenye "Freddie Freeloader" ya 1959. Ni bluzi ya B flati, kasi ya wastani, na solo yake ndiyo ya kwanza baada ya melodi. Chukua vipimo 4 tu. Programu yoyote ya kupunguza kasi bila kushusha kimo cha noti itafaa, weka asilimia 60 hadi 75.

Utaratibu uwe huu: sikiliza mpaka uweze kuimba pamoja naye, kisha uimbe bila yeye, ndipo ushike piano. Usiandike kwanza. Ukiandika kabla ya kuimba unakuwa na karatasi, huna sikio. Ukishaipata, ihamishe funguo zote kwa mzunguko: C F B♭ E♭ A♭ D♭ G♭ B E A D G. Halafu badilisha mwanzo wake, ubaki na mwisho. Kesho yake bakiza mwanzo, badilisha mwisho. Ukiikariri tu bila kuibomoa, utakuja kuibandika mahali isipofaa na kila mtu ataisikia.

---

NusuToni

@SikioKwanza hatupingani, ila akinakili bila kujua kwa nini noti fulani iko pale atabaki anaiga. Mfano mdogo. Shusha skeli ya G7 kwa nusu za mapigo kuanzia pigo la 1: G F E D C B A G. Mapigo yanakuta G, E, C, A. Noti za kodi F, D na B zimeangukia pembeni. Sasa ongeza F shapu: G F♯ F E D C B A, ukitua G. Mapigo yanakuta G, F, D, B, yaani kodi nzima. Noti moja ya ziada imenyoosha mstari wote. Wapiga bibopu (mtindo wa jazi) wanatumia hila hii kila mara, na ukiijua utaitambua kwenye rekodi bila kubahatisha.

---

BesiSiYangu

Kuhusu kupotea kwenye vipimo 12: usihesabu hadi 12, hakuna anayeweza kutunga huku anahesabu hivyo. Gawa mara tatu, vipimo 4 kila fungu. Kwenye F, kipimo cha 1 ni F7, cha 5 ni B♭7, cha 9 ni Gm7. Hizo ni alama tatu za njiani.

Piga kushoto peke yake, mkono wa kulia magotini, mpaka kuingia B♭7 kwenye kipimo cha 5 kusikike kama mlango unaofunguka. Kisha kulia upige vipimo 2, nyamaza vipimo 2, huku kushoto kukiendelea. Kwa kulia tumia F, A♭ na B♭ pekee. Noti tatu zinakulazimisha utafute mdundo badala ya noti. Ukimaliza mizunguko 5 bila kupotea, ongeza C na E♭.

Ukipotea katikati, acha kulia. Usiache kushoto. Sikia B♭7 au Gm7 inayofuata, ndipo urudi. Na kichwani iendeshe melodi ya wimbo wenyewe muda wote wa solo. Wanaopotea kwenye kipimo cha 7 na cha 8 mara nyingi waliiacha melodi tangu kipimo cha 2.

---

Funguo88

Vipimo 2 kupiga, 2 kunyamaza, ni vigumu kuliko nilivyodhani. Vidole havitaki kukaa kimya.

---

PigoLaPili

Imba unachopiga, kwa sauti. Pumzi ikiisha, kifungu kimeisha.