Gari inachemsha mlima Kitonga, mjini haina shida. Naombeni ushauri wa haraka

Kijana wa Makorongoni
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST, Ijumaa nilitoka nayo Dar kuja Iringa. Mpaka Ruaha Mbuyuni ilikuwa safi, AC inapuliza baridi vizuri. Kuingia Kitonga nikakaa nyuma ya lori, taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikazima AC. Nikakumbuka niliwahi kuambiwa ukiwasha hita inasaidia kupunguza joto la injini. Nikawasha, ikatoa upepo wa baridi. Nikaongeza maji, nikafika. Hapa mjini haichemshi, ila kila asubuhi maji yamepungua na chini pakavu. Fundi mmoja anasema injini, mwingine rejeta. Nimsikilize yupi? Jumamosi gari inatakiwa iwe Dar.

Mtotowapwani
Kitonga haitaki gari ndogo mkuu. Mimi nilipanda na basi, likalala juu pale hadi asubuhi, tukala mahindi ya kuchoma usiku mzima. Uza, nunua yenye nguvu.

Mzee wa Spana
Kijana, jibu umeliandika mwenyewe. Injini ina moto halafu hita inatoa baridi, maana yake maji hayafiki kwenye kirejeta cha hita kilichopo nyuma ya dashibodi. Ama yamepungua, ama kuna upepo kwenye njia zake. Ingekuwa rejeta imeziba tu na maji yapo, hita ingekuunguza uso.
Kesho asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, piga starti, angalia. Mapovu yakija mfululizo, moshi wa silinda unapenya kwenye maji: gasketi ya hedi hiyo, kile kiziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu (hedi). Chomoa na kijiti cha oili uone kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji.
Swali: taa ilipowaka, ulisimama?

Kijana wa Makorongoni
Nilisimama mzee wangu.

Mzee wa Spana
Baada ya muda gani?

Binti Kihesa
Vijana mnakagua muziki na rimu, maji hamkagui. Baba yangu alifungua mfuniko wa rejeta ya moto mwaka 1998. Maji yanayobanwa na presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiyafungulia yanakurukia. Alama za kifuani alikwenda nazo kaburini. Kaka, usithubutu kugusa ikiwa ya moto.

Kijana wa Makorongoni
Pole dada, nimekusikia.
Mzee, sikusimama palepale. Ile barabara ni kona juu ya kona, nyuma malori, na ndani nilikuwa na watoto. Ningesimama wapi? Nilipanda hadi juu nikaendelea, karibu na Ilula ikazima yenyewe. Nikaimwagia ndoo ya maji. Halafu kabla ya safari fundi alitoa themostati, ile valvu ya kwenye njia ya maji ya injini, akasema nchi ya joto haina kazi.

Mzee wa Spana
Themostati irudishwe. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lake, iwe Dar au Njombe. Na hedi iliyoungua ukaimwagia maji baridi inaweza kupinda.

Dereva wa Usiku
Wakuu, hii ni chai, uongo mtupu. Wiki mbili zilizopita kwenye uzi wa nauli huyu huyu aliandika hana gari, anapanda daladala. Leo ana IST na watoto. Weka picha ya kadi ya gari.

Mtotowapwani
Nilijua tu. Mods, fungeni.

Kijana wa Makorongoni
Si chai. Gari ni ya shemeji. Yuko Muscat kikazi, anarudi Jumamosi, na dada hajui kitu. Nimeshampa fundi laki nne ya kutangulizia alete injini ya mtumba. Msinilaumu, nimeona ndiyo heshima: anakuta gari yake inawaka, hakuna ugomvi ndani ya nyumba.

Mzee wa Spana
Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Siku akiuza, namba hazilingani, ataonekana mwizi kwa mali yake. Hujui hata kama injini imekufa, unanunua nyingine? Asubuhi angalia mapovu kwanza.

Kijana wa Makorongoni
Shikamoo mzee. Mapovu yapo mengi. Oili safi.

Mzee wa Spana
Marahaba. Oili safi ni nafuu. Hedi ivuliwe, ipimwe kwa rula ya chuma. Ikiwa imepinda kidogo inasawazishwa kwa mashine, inawekwa gasketi mpya. Kujaza ni kulanti, maji maalumu ya rejeta, maji ya kisima yanaleta kutu. Wakati wa kujaza, hita iwe kwenye moto wa mwisho mpaka ipulize moto kweli, ndipo ujue upepo umetoka. Na mwambie shemeji leo, kabla hajapanda ndege.

Dereva wa Usiku
Nisamehe kaka, nilikushuku bure.

Kijana wa Makorongoni
Hamna neno. Nimemweleza dada, amelia, amesema atampigia mumewe. Shida sasa ni fundi wa injini, tangu saa mbili hapokei simu.

Mzee wa Spana
Mfuate gereji mwenyewe. Kwa miguu, hiyo gari usiiwashe.