Tupeane uzoefu: wastani wa mishahara ya watumishi wa kanisa umewahi kukupotosha?

Wapendwa, salamu. Mimi ni mtunza hazina wa usharika. Wakati wa bajeti, mjumbe mmoja wa kamati ya fedha alisimama akasema kwamba wastani wa mishahara yetu ni 600 ilhali wa usharika jirani ni 500, kwa hiyo hakuna haja ya nyongeza. (Nataja tarakimu bila jina la fedha, kwa kuwa hesabu ni ileile popote.) Nilichukua kalamu: watumishi wanne wanapata 400 kila mmoja, na mchungaji kiongozi 1,400, jumla 3,000, ukigawa kwa watano unapata 600, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipokea. Ukiwapanga kuanzia wa chini, aliye katikati anapata 400. Tulipoomba orodha ya jirani kazi kwa kazi, tukakuta karani wao analipwa 480. Nyongeza ikapita, ingawa kwa shingo upande. Nanyi je?

Karani wa usharika:
Kwangu tatizo lilikuwa saa. Nilikuwa nikipata 300 na karani wa usharika mwingine 500, nikanung'unika miezi mizima, hadi mzee wa kanisa aliponionyesha kwamba mkataba wangu ni wa saa 20 kwa juma na wa mwenzangu ni wa 40, maana yake kwa saa 40 kama zake mshahara wangu ungekuwa 600. Niliona haya. Hata hivyo, nilianza kuandika daftarini kila saa niliyofanya kazi, pamoja na jioni za mazoezi ya kwaya na siku za misiba ambazo hazimo katika mkataba, na baada ya miezi miwili nikakuta ninafikisha saa 31 kwa juma. Manung'uniko yakarudi, safari hii yakiwa na daftari.

Mjumbe wa baraza la wazee:
Kwetu mlinzi na mfanya usafi hawakuhesabiwa kabisa, eti kwa sababu wanacholipwa huitwa posho. Wastani ulipendeza sana.

Mchungaji mstaafu:
Mimi nilikaa nyumba ya kanisa, na kila mwaka kamati ilijumlisha thamani ya kodi yake ya pango kwenye mshahara wangu kabla ya kunilinganisha na wachungaji wengine. Sikupinga, kwa kuwa asiyelipa kodi ana nafuu kweli, na kulinganisha fedha taslimu peke yake kungemwonea mwenzangu aliyepanga. Nilichochelewa kukigundua ni kwamba michango yangu ya pensheni ilikokotolewa kwa fedha taslimu tu. Nyumba iliyohesabiwa kuwa kipato changu kwa miaka yote hiyo niliikabidhi pamoja na funguo, na katika hesabu ya pensheni haikuwamo.